Mtoto wa Kuazima

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, saa moja na nusu asubuhi, Fundi akiwa na misumari mitatu mdomoni. Ndiyo maana hakubisha. Mwenye misumari mdomoni haanzi mabishano. Anaitikia kwa kichwa, basi. Na Mwalimu Mkuu, mtu aliyesoma mpaka kusoma kukamchoka yeye, alijua saa ya kumwendea seremala.

"Fundi, ng'ambo wanahesabiwa leo," alisema, amesimama mlangoni mwa karakana, kiatu kimoja ndani, kimoja nje, ili unga wa mbao usimchafue. "Wamepungukiwa. Safari hii niazime Chiriku."

Chiriku alikuwa binti wa Fundi, kitindamimba wake, darasa la saba. Jina hilo alibandikwa na marehemu mama yake kwa sababu ya mdomo, likamganda.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Halafu akatema misumari kiganjani. "Ila mbona Chiriku, Mwalimu? Si huwa wanakwenda wadogo?"

"Mwaka huu wanapungukiwa wakubwa. Afisa akiona vitoto vitupu atashtuka. Saa sita yuko nyumbani."

"Haya."

Mgeni atauliza, mtoto anaazimwaje, kwani jembe? Anaazimwa. Shule ya huku ilikuwa na vyumba vinne, walimu watatu na watoto arobaini na sita. Shule ya ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa daraja la miti, ilikuwa na arobaini na watatu. Wakubwa wa elimu, ambao watoto wao hawajui tope lina ladha gani, walikaa mezani wakaamua kwamba shule yenye watoto chini ya hamsini ifungwe, na watoto wake wapelekwe shule ya njia panda. Njia panda ni saa mbili kwa mtu mzima mwenye haraka. Mtoto wa darasa la kwanza angefika wenzake wakiwa wanarudi.

Basi zile shule mbili zikaishi kama majirani wenye sufuria moja kubwa. Ng'ambo wakihesabiwa, watoto wa huku wanavuka. Huku wakihesabiwa, wa ng'ambo wanavuka. Afisa Elimu anakuja na gari lake, anahesabu vichwa, anakunywa soda, anaondoka. Vichwa anahesabu, nyuso hatazami. Ulikuwa mwaka wa nne sasa, na hakuna aliyeona haya, maana anayekuhesabu kama mbuzi hana haki ya kulalamika ukiongeza mbuzi wa jirani. Fundi mwenyewe ni mjumbe wa kamati ya shule, na siku neno hilo lilipopita aliunyosha mkono juu kuliko wote.

Kwa hiyo Chiriku akavuka na wenzake wanane. Saa saba alikuwa amerudi, mdomo umemtangulia nyumbani.

"Baba, leo nimepigwa picha."

"Picha ya nini?"

"Sijui. Sisi wa darasa la saba tumesimamishwa ukutani mmoja mmoja, Afisa mwenyewe anapiga. Akaniandika jina na kunipa namba. Nikamuuliza nifumbe macho au niyafumbue, akacheka."

Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Alisimamisha randa kidogo. Kisha akaendelea. Wakubwa wana mambo yao, alijisemea. Leo wanahesabu, kesho wanapiga picha, keshokutwa watapima na vichwa.

Kesho yake Afisa alikuja shule ya huku. Watoto sita wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kaa madawatini. Chiriku alirudi siku hiyo na jambo la pili: Mwalimu Mkuu alimtoa darasa la saba akamkalisha na darasa la tano mpaka Afisa alipoondoka.

"Akasemaje?"

"Akasema mimi nimeshapigwa, nisimchoshe Afisa."

Hilo nalo Fundi alilimeza. Alikuwa na sababu ya kulimeza, na sababu hiyo ilikuwa marehemu mkewe.

Mke wake alifagia vyumba vile vinne kwa miaka kumi na mmoja. Alijaza mapipa ya maji ya watoto kwa kichwa chake. Hakuwa kwenye karatasi yoyote ya mshahara. Alikuwa anaitwa "mama yetu", na "mama yetu" ni cheo wanachopewa watu ambao hakuna mpango wa kuwalipa. Siku alipozikwa, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya watu, machozi yanamtoka, akamshika Chiriku begani, akasema: "Huyu kuanzia leo ni mwanangu. Kalamu yake ni juu yangu." Fundi aliyasikia maneno hayo, akayakunja, akayaweka mahali anapoweka vitu vya thamani. Yeye aliishia darasa la pili. Anasoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na mwalimu "kalamu yake ni juu yangu", anapumua.

Tena kulikuwa na kitu mbele. Kila shule ndogo ilipewa nafasi moja kwa mwaka: mtoto wa kwanza katika mtihani wa darasa la saba anachukuliwa sekondari ya bweni, anasoma mpaka mwisho bila mzazi kutoa hata kijiko. Mkewe alikufa akiitaja nafasi hiyo. Na Chiriku alikuwa wa kwanza tangu darasa la nne. Anayemfuata alikuwa binti wa Mwalimu Mkuu mwenyewe, mtoto mpole, rafiki yake, wanakaa dawati moja, dawati ambalo Fundi alilitengeneza kwa mbao ngumu kuliko yote kwa sababu alijua nani atalikalia. Lakini kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na pengo la kupitisha ng'ombe.

Mwezi wa tisa Mwalimu Mkuu alimwita kukarabati madawati ya chumba cha mtihani. Kila mtahiniwa anakaa peke yake.

"Niandalie saba," alisema.

Fundi aliinama akagonga mguu wa dawati moja kwa nyundo. Halafu akainuka. Kusoma hajui sana, lakini kuhesabu madawati na matako ni kazi yake. "Saba? Si watoto wanane?"

"Moja liko tayari."

"Lipi?"

"Fundi, ndugu yangu, wewe nipe saba."

Akampa saba. Hapo ndipo mpaka leo Fundi anapojiuma kidole. Picha alielezwa na mtoto, na mtoto ni mtoto. Lakini madawati aliyashika kwa mikono yake mwenyewe, akahesabu saba, akajua wako wanane, akafungasha nyundo akaenda zake. Mbao zilimwambia, akakataa kusikia.

Siku moja kabla ya mtihani Chiriku alitafuta namba yake ukutani hakuiona. Mwalimu Mkuu alimwambia, kwa sauti ya kumtuma chaki, kwamba namba yake iko ng'ambo, akafanyie huko, mtihani ni ule ule. Asubuhi Fundi alimsindikiza mpaka darajani. Mtoto alivuka na kalamu mbili na rula, bila maneno. Fundi alishangaa zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa lolote.

Matokeo yalipotoka, ng'ambo walipiga vigelegele. Shule yao haijawahi kupata mtoto wa alama zile tangu ijengwe. Mia mbili kumi na nane. Wastani wao ukaruka kama chura. Huku kwao wa kwanza alikuwa binti wa Mwalimu Mkuu, alama mia moja hamsini na moja, na nafasi ya shule ndogo ikawa yake.

Fundi alioga, akavaa shati la msibani, akavuka mto kwenda kudai nafasi ya ng'ambo.

Mwalimu mkuu wa ng'ambo alikuwa mama mnene, mwenye adabu, akamvutia kiti. Alimpongeza mara tatu. Kisha akafungua rejesta ya mahudhurio, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina la Chiriku. Mstari mzima ulikuwa mtupu, isipokuwa alama moja, ya Jumanne tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu.

"Mzee, mimi sina ubaya na mtoto," alisema. "Ila nafasi inataka mtoto aliyehudhuria. Huyu kahudhuria siku moja. Nimempa anayemfuata. Wazazi wa hapa wangenichoma."

"Alama zake mmezichukua."

"Alama zinakuja zenyewe kwa namba, baba. Mimi sikuzifuata."

Fundi akarudi alivyokwenda. Alipita moja kwa moja kwa shemeji yake, kaka wa marehemu, kinyozi na mwenyekiti wa kamati ya shule. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Fundi alisema yote mbele ya yule mteja.

Kinyozi alizima mashine. "Shemeji, nikuulize. Huyu Mwalimu wetu tunamwita nani?"

"Wastani."

"Kwa nini?"

Kila mtu alijua kwa nini. Mwalimu Mkuu aliongea wastani kanisani na msikitini, arusini na matangani. Mtoto akikosa nusu alama, yeye anakosa chakula.

"Sasa Wastani," kinyozi alisema, "amempeleka wapi mtoto wa mia mbili na kumi na nane? Kaufanya wastani wake mwenyewe ukaporomoka. Mtu anayelilia nusu alama katupa ng'ombe mzima mtoni, halafu halii. Wewe hujiulizi?"

Mteja wa nusu kichwa alisema polepole, "Binti yake ndiye wa kwanza sasa."

Fundi alihisi kitu kikishuka kifuani mwake kama msumeno unapokata mpaka mwisho na ubao ukaanguka. Kikulacho ki nguoni mwako. Hayo maneno ameyasikia tangu utotoni, akadhani yanasema habari za chawa.

Alimkuta Mwalimu Mkuu ofisini anapanga vitabu. Fundi hakukaa.

"Ulijua."

"Nilijua nini, Fundi?"

"Kwamba siku ile si kuhesabu tu. Ni kuandikisha mtihani."

"Fundi, mambo ya ofisini yanabadilika ghafla."

"Mke wangu alifagia hapo ulipokanyaga."

Mwalimu Mkuu alitazama chini, kweli kabisa, kama anatafuta alama ya ufagio. Alipoinua uso alikuwa amezeeka kidogo. "Mwanao ana kichwa," alisema. "Atafika popote. Wangu hana pa kushika. Wewe ni mzazi."

"Na wewe ulisema ni mwanao. Mbele ya kaburi."

"Nilisema."

Mwalimu Mkuu aliufunga mlango, akashusha sauti. "Sasa utafanyaje? Utakwenda kwa Afisa? Nenda. Utamwambia mtoto alisoma huku akaandikishwa kule. Atauliza, kule alifikaje? Utamwambia tuliazimana. Wiki hiyo hiyo shule zote mbili zinafungwa. Watoto themanini na tisa watapiga mguu mpaka njia panda. Na kwenye kitabu cha kamati, wa kwanza kuunyosha mkono ni nani?"

Fundi akaufungua mlango akatoka. Safari hii hakuwa na misumari mdomoni.

Wala hakunyamaza. Alhamisi alipanda lori la mchanga mpaka ofisi ya elimu. Alikaa kwenye benchi bovu tangu saa mbili mpaka saa saba, akawa analikagua kwa mkono: ulimi wa ubao umetoka kwenye tundu lake, gundi hakuna. Alipoingia aliuliza kwa kuzunguka.

"Mheshimiwa, tuseme kuna mtoto. Kasoma huku, kafanyia mtihani kule."

"Haiwezekani," Afisa alisema, hajainua macho. "Anafanyia alikoandikishwa. Barua ya kuandikisha niliituma mwezi wa pili. Walimu wakuu wote walisaini wameipokea."

"Wote?"

"Wote. Hata wako."

Mwezi wa pili. Mwalimu Mkuu alikuja karakana mwezi wa tatu. Fundi alihesabu kimoyomoyo: hiyo barua ilikaa mfukoni mwake wiki nne, na kila siku katika hizo wiki nne walisalimiana.

"Mheshimiwa, tuseme sasa huyo mtoto..."

Afisa akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana kuliko Fundi alivyodhani, na macho yake yalikuwa yamechoka. "Mzee wangu. Mwezi wa tatu nilihesabu hamsini na mbili ng'ambo. Kesho yake nikahesabu hamsini na mbili kwenu. Sikuuliza kwa nini zinalingana. Usinilazimishe niulize."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote minne, soda baada ya soda, alijua. Fundi alimtazama, na hasira yake ikakosa pa kutua. Wao wa chini walidhani wanamdanganya mkubwa, kumbe mkubwa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha uongo wao akijipepea.

Afisa alifungua droo akatoa karatasi moja. "Nafasi za ziada zipo mbili kwa wilaya nzima. Hii fomu ya malalamiko. Ijazwe ukweli, irudi kabla ya Jumatatu. Kilichoandikwa humo ndicho nitakachofanyia kazi. Mimi sisomi kisichoandikwa."

Habari hupanda lori la mbele. Fundi alipofika nyumbani jioni alimkuta shemeji yake amekaa kwenye meza ya kazi, miguu inaning'inia.

"Umepewa fomu."

"Nimepewa."

"Shemeji, nina watatu pale. Wa mwisho ana miaka sita. Unaijua miguu yake."

Fundi aliijua. Ndiye aliyemchongea magongo.

"Mwalimu ni mwizi," kinyozi alisema. "Mimi mwenyewe sitamnyoa tena, aote manyoya kama sokwe. Lakini mwizi kaiba kwako, shemeji. Ukipiga kelele, nyumba inaungua kwa wote. Marehemu dada angekuwepo..."

"Usimtaje."

"Angekuwepo angefikiria watoto wa watu."

"Angekuwepo, hakuna mtu angethubutu kuja kuniazima mwanangu. Angemtoa mlangoni na ufagio." Fundi alichukua kipande cha ubao akakigeuza mkononi. "Jumanne ile mlimtuma Wastani peke yake, au kamati mlikaa bila mimi?"

Kinyozi alishuka mezani, akajipangusa unga wa mbao kwenye suruali, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Alituambia anahitaji mkubwa mmoja," alisema mwishowe. "Hakusema kwa nini. Sisi tukaona, Chiriku hana mama wa kuuliza maswali."

Akaondoka. Hakuaga.

Siku mbili zikapita. Watu waliokuwa wakileta viti vya kutengeneza walipunguza kuja; waliokuja walizungumza habari za mvua. Mwanamke mmoja alimletea Chiriku kanga mpya, akaiacha juu ya meza, akasema ni ya pole, bila kusema pole ya nini. Fundi akaitundika kwenye msumari mlangoni, haikuvaliwa. Jumamosi binti wa Mwalimu Mkuu alipita barabarani na sanduku jipya la bati la bweni, kichwani kwa mbebaji. Alisimama mbele ya karakana, akamtazama Chiriku. Chiriku akamtazama. Walikuwa wamekaa dawati moja miaka minne. Yule mtoto akafungua mdomo, baba yake akamwita, akaenda.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na walikuwa wanamfikiria mwenye kuazima. Hawakusema chochote juu ya nguo yenyewe, ikishavuliwa ikatupwa katikati ya njia, kila upande ukisema si yangu.

Jumapili mchana Fundi alifuta meza ya kazi kwa kiwiko, akaiweka ile fomu pale, akaibana pembe moja kwa patasi na nyingine kwa kipimo ili upepo usiichukue. Akachonga penseli ya seremala kwa kisu, kisha akakumbuka kwamba ofisi hazitaki penseli, akatafuta kalamu. Chiriku akakaa kwenye kigoda. Aliandika jina lake. Aliandika la baba. Kwenye jina la mama aliandika, akasita, akaongeza neno "marehemu" kwa herufi ndogo kama vile hataki kumsumbua. Aliandika alama, mia mbili kumi na nane, na hapo akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, anafuata herufi kwa midomo. Barabarani walisikika watoto wa darasa la kwanza wakicheza, na mmoja kati yao alikuwa na mlio wa magongo, ko, ko, ko.

Kalamu ikasimama. Chiriku aliusoma mstari uliofuata mara mbili, akageuka akamtazama baba yake usoni.

"Baba, hapa wanauliza shule niliyosoma. Niandike ipi?"